Futari ya Barabarani

Kolwezi, 17 Machi 2025

Baba yangu,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na Mama na mdogo wangu Amisa, na kwamba funga inakwenda vizuri huko Lubudi. Goti lako linasemaje? Mimi ni mzima wa kutembea na kula. Rehema na watoto hawajambo, wanawasalimu. Mvua bado inatupiga kila jioni na barabara imekuwa tope tupu.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu huzipokei. Nimepiga mpaka nikaona aibu mbele ya mke wangu, maana simu yenyewe ni yake, yangu imeibiwa. Barua nampa Nkulu, dereva kijana wa hapa, kamyo yake inakuja huko kesho. Nimemwambia asiiache dukani kwa mtu, akupe mkononi.

Najua ulichosikia. Umesikia kwamba mtoto wa Iddy alikutwa chini ya kamyo katikati ya Ramadhani, shati limelowa bia, na kwamba polisi walimtia kasho, mahabusu, kama mlevi yeyote. Baba, yote hayo ni kweli, isipokuwa sikulewa.

Ilikuwa hivi. Nilipakia shaba mchana, nikaenda kusubiri karatasi kwenye parking ya malori, pale unapotoka mjini kuelekea Likasi. Magharibi ikatukuta pale. Nilikuwa na tende zangu mfukoni na maji yangu kwenye gari. Akaja mtu amevaa kofia, ana chupa ya chai na vikombe, anapita kwenye malori akiuliza nani amefunga. Akanimiminia juisi ya nanasi na tangawizi. Akasema, "Mukunywe kwanza, tata. Bibi yangu njo mwenye alitengeneza." Ningemkatalia vipi? Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba mtu akikuletea futari unapokea, kwa sababu thawabu ni yake na kumnyima ni kumdhulumu. Ilikuwa na uchungu kidogo mwishoni, nikadhani ni tangawizi imezidi. Nikanywa yote, unajua koo la mtu aliyefunga lilivyo.

Nikatandika mkeka. Rakaa ya kwanza naikumbuka. Ya pili siikumbuki.

Nilipozinduka nilikuwa kasho, kichwa kinanigonga, nanuka bia. Mafuta ya gari yalikuwa yamenyonywa, simu haipo, vipande vya shaba vimepungua. Askari mmoja akawa anacheka na wenzake, "Bantu ya musikiti nabo banalewaka?" Nilitaka kumjibu lakini ulimi ulikuwa mzito, na mtu ambaye ulimi wake ni mzito anaonekana mlevi zaidi.

Mengine nimeambiwa na Tshiamala, dereva mwenzangu, yule Mkasai mrefu niliyekuja naye kwako wakati wa maziko ya bibi. Yeye ndiye aliyenikuta. Watu walikuwa wamenizunguka wanacheka na kunipiga picha. Yeye akainama, akaninusa mdomo. Akawaambia, "Hii haina pombe. Shati njo inanuka, kinywa hapana. Na mi ninamujua huyu, hakunywaka." Akanilaza ubavu ili nikitapika nisipaliwe, akakaa nami anahesabu pumzi zangu mpaka polisi walipofika. Aliwaomba wanipeleke hospitali. Walimwambia aende akalale na yeye.

Walinitoa siku mbili baadaye. Rehema, kwa hofu ya sumu, alininywesha maziwa na mawese, kama mama zetu wanavyofanya, ndipo tukaenda kwa daktari. Daktari alimkanya kwa upole. Alisema mtu aliyeleweshwa kwa dawa hanyweshwi kitu, na kama ningekuwa bado usingizini mawese yangeingia mapafuni. Kisha akasema dawa za namna hiyo hutoka mwilini haraka. Ningeletwa usiku uleule, au hata asubuhi, mkojo wangu ungesema. Sasa mkojo hausemi kitu.

Kwa hiyo sina cheti cha kukuonyesha. Patroni wetu, Mbayo, hakunifukuza, ila amenitoa kwenye usukani, nafagia garaji. Hayo nayavumilia. Hili la wewe kutopokea simu ndilo sijui nilivumilieje. Nimechoka, Baba, hata kukasirika nimechoka. Nilikuwa nimefunga. Naomba uniamini hilo tu.

Mtoto wako,
Feruzi

---

Lubudi, 2 Aprili 2025

Feruzi,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeipata mkononi kama ulivyomwagiza yule kijana. Sisi ni wazima. Goti ni lilelile. Idi tumeisali, mama yako alipika pilau ya watu wengi tukala wachache. Natumaini na nyinyi mlisali salama.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Unajua nimeendesha malori tangu hujazaliwa. Katika maisha hayo nimesikia madereva wakiieleza bia kwa kila namna. Mmoja aliniambia ilikuwa dawa ya malaria. Mwingine alisema alimwagikiwa na abiria, na abiria hatukumwona. Wote walikuwa na sauti kama yako unapoandika. Sikuiti mwongo. Nasema sijui, na kutojua juu ya mtoto wako mwenyewe ni kazi ngumu kwa mtu wa umri wangu.

Picha imefika hapa. Ninaijua nguo yako, ni ile aliyokushonea mama yako. Mtu mmoja alinionyesha kwenye simu yake tukiwa tumetoka kuswali, akajifanya ananipa pole.

Sasa sikiliza. Amisa ameposwa, unajua. Baba wa mchumba wake ni mtu wa kukaa safu ya mbele msikitini, mwenye masikio marefu. Bado hajasema kitu. Akisikia unapita parking zote unaeleza habari za dawa na juisi, atauliza, na akiuliza nitajibu nini? Kama ulilewa, nyamaza, umwombe Mungu msamaha. Kama hukulewa, nyamaza vilevile, mpaka ndoa ya mdogo wako ipite. Mtu akiamka anaulizwa juu yako akalala anaulizwa juu yako, anachoka.

Wasalimie watoto. Rehema mwambie nimesikia alivyokuuguza, Mungu amlipe.

Baba yako

---

Kolwezi, 20 Aprili 2025

Baba,

Asalaam aleikum. Nashukuru kwa barua. Rehema ameisoma na yeye, alipofika kwenye habari ya dawa ya malaria akacheka, mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, kwa hiyo umetufaa. Sisi wazima. Mtoto mdogo alikuwa na homa, imeshuka. Mama anaendeleaje na shinikizo lake? Asiache vidonge.

Nitafanya ulivyosema. Nilitaka tu ujue ninachokinyamazia.

Sikuwa wa kwanza. Badibanga, anayebeba mbao, alinijia garajini peke yake, akaangalia kama hakuna mtu, akaniambia yalimkuta mwaka jana. Yeye alipewa kahawa na mtu aliyejifanya dereva mwenzake. Hakumwambia hata mke wake. Alisema afadhali aonekane mzembe aliyelala kuliko mwanaume aliyeleweshwa kama kuku. Nikamwuliza wako wangapi. Akasema, "Beko bengi, banaona haya tu." Yule mwenye kofia hakuwahi kuonekana tena, lakini chupa za chai ziko nyingi na kofia zinauzwa sokoni.

Tshiamala ananisumbua. Kila akipita garajini ananiambia nisimame mbele ya madereva asubuhi, wakati wanasubiri karatasi, niwaambie. Niwaambie wafungue vinywaji vyao wenyewe, kinywaji ukikiacha mezani usikirudie, ukihisi kichwa kizito kuliko ulichokunywa usijikaze kiume, mshike mtu unayemjua mwambie hapohapo, nipeleke hospitali. Nikamwuliza kwa nini asiseme yeye, mdomo anao. Akasema, "Mi niseme? Batacheka. Banajua mi ninakunywaka. Weye njo mwenye hakunywaka, weye njo batasikia."

Ana haki, Baba. Hilo ndilo linaloniumiza. Yeye bia anaipenda na haifichi, Jumapili akitoka kanisani anapitia palepale kila mtu anapomjua. Akisema watu wanalishwa dawa, watamjibu kwamba dawa yake wanaijua. Mimi ningesema wangenyamaza wasikilize.

Nimemwambia asubiri mpaka Juni, tuna harusi. Akatikisa kichwa, akasema harusi ni jambo kubwa, hakunilaumu. Ila nakuuliza mara moja, sitauliza tena: huwezi kuniruhusu niwaambie hawa wa parking yetu tu? Lubudi ni mbali.

Mtoto wako,
Feruzi

---

Lubudi, 6 Mei 2025

Feruzi mwanangu,

Waaleikum salaam. Tuko wazima. Mama yako anakunywa vidonge vyake nikimsimamia, akiniona natazama pembeni anavirudisha kwenye karatasi. Mahindi yametoka vizuri. Homa ya mtoto isirudi, inshallah.

Mama yako anasema anakuamini. Nimemwambia yeye alikuamini hata siku ile ulipovunja kioo cha duka na jiwe lilikuwa bado mkononi. Amekasirika, hajaniongelesha tangu mchana.

Lubudi si mbali kama unavyosema. Picha yako ilifika kabla ya barua yako. Maneno ya parking yanapanda kila lori linalokuja huku, wewe dereva unalijua hilo kuliko mimi. Nikuruhusu, halafu Amisa arudishiwe posa, nitamtazama vipi? Harusi imewekwa wiki mbili baada ya Idi ya kuchinja. Haijabaki hata miezi miwili. Ikipita, sema utakavyo, sema hata redioni.

Uje harusini. Nimewaza kama uje au usije, nimeamua uje. Kaa karibu nami, watu wakuone. Nguo ile ya kwenye picha usiivae.

Simu bado siipokei kwa sababu nikisikia sauti yako nitakuuliza swali lilelile, na wewe utajibu jibu lilelile, na hakuna atakayepata usingizi. Kwa barua tunapumzika.

Mwambie rafiki yako Mkasai nimemshukuru kwa kukulaza ubavu. Ulevi ni wake na Mungu wake, lakini alifanya kazi ya ndugu.

Baba yako

---

Kolwezi, 29 Mei 2025

Baba,

Asalaam aleikum. Watoto wazima, Rehema mzima. Salamu nimezifupisha, unisamehe.

Salamu zako kwa Tshiamala hazikumfikia. Tumemzika jana.

Jumapili alitoka kanisani akapita pale anapopitia. Aliagiza chupa yake, ikafunguliwa mbele ya macho yake, kwa hilo hakuwa mzembe, kizibo alikigonga mezani mwenyewe. Wakakaa karibu naye wanaume wawili wasiojulikana, wakazungumza mpira. Alinyanyuka kwenda kujisaidia, chupa akaiacha. Aliporudi akaimaliza. Mwenye baa anasema hakuwa na chupa ya pili. Moja tu, Baba. Tshiamala halewi kwa moja.

Akaanguka kando ya kamyo yake. Wale wawili walimshika mabega, wakasema wao ni jamaa zake, wakamsachi, wakachukua funguo na kila kitu. Watu walikuwa wanatazama. Nimewauliza mmoja mmoja, walikuwepo watu wa kutosha, madereva, wauza mihogo, mlinzi. Hakuna aliyemnusa mdomo. Wote waliniambia neno lilelile: "Tulisema tumuache alale. Iko mulevi tangu zamani." Walimfunika na turubai kwa sababu ya baridi, wakamlaza chali. Asubuhi wakamkuta ametapika na amekwisha kufa.

Walikuwa watu wema, ndiyo maana walimfunika. Mtu mmoja tu angewaambia wamgeuze ubavu, wamwite jina, wakiona haitikii wambebe hospitali hata kwa pikipiki. Mtu huyo alikuwa garajini anafagia, anasubiri harusi.

Matanga yalianza Jumatatu, kabla ya maziko, kwa mjane wake, Mwadi. Hema lilijaa. Walikuwa wanasimulia jinsi alivyoipenda bia, wanacheka kidogo kama watu wanavyocheka matangani. Mwadi alikuwa chini kwenye mkeka anasikiliza mume wake anavyofanywa mlevi aliyejiua mwenyewe. Nikasimama. Sikukuomba ruhusa na sasa siombi. Nikasema jina langu na la baba yangu. Nikaeleza juisi, futari, kasho, na jinsi marehemu alivyonikalia nikiwa sijui kama niko duniani. Nikasema Tshiamala hakulewa, amewekewa kitu. Badibanga akasimama nyuma yangu, akasema na yeye yamempata. Kisha mwingine. Kisha mzee mmoja nisiyemjua, akaanza kulia kabla hajasema.

Mwadi hakuniambia asante. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Ulijua tangu wakati gani?" Nikamwambia tangu Machi. Akageuza uso.

Tangu hapo nimekwenda parking kila asubuhi. Wapo wanaocheka, wengi hawacheki. Nawaonyesha kwa kumlaza mtu ubavu kwenye turubai. Nawaambia ukimkuta mwenzako hivi usimmwagie maji, usimpe maziwa wala mawese, usimwachie mtu anayedai ni jamaa yake. Kilichobaki kwenye kikombe kihifadhi ukipeleke naye. Mkojo wa kwanza usipotee.

Habari zitafika Lubudi pamoja na barua hii, pengine kabla. Wakirudisha posa ya Amisa, mwambie kaka yake ndiye aliyefanya, asikulaumu wewe. Harusini sitakuja kukuaibisha. Nilikutii, Baba, na sijui kama nitaweza kukutii tena katika jambo kubwa. Nakuheshimu vilevile.

Feruzi

---

Lubudi, 14 Juni 2025

Feruzi mwanangu,

Waaleikum salaam warahmatullah. Mama yako anakusalimu, amelia sana kwa ajili ya yule kijana, anakumbuka alivyokula ugali kwake akaomba kuongezewa. Amisa anakusalimu. Mimi goti limenikatalia kabisa wiki hii, naandika nimeliweka juu ya gunia.

Barua yako imekaa kwangu karibu wiki mbili bila jibu, na Idi ikapita humo katikati. Si kwamba nilikuwa nimekasirika. Kila nikianza naandika pole, pole inaonekana ndogo, nachana.

Umesema kweli kwamba habari zingefika kabla. Alhamisi baba wa mchumba alikuja, akakaa, akakataa chai. Hakukataa kwa ukali, alisema tu ana haraka. Akasema amesikia mtoto wangu anatangaza habari zake kwenye matanga ya Wakristo, na wao ni watu wa kimya, wanaomba ndoa isogezwe mbele kidogo, watazame. Nikamwambia watazame. Amisa alikuwa mlangoni, alisikia. Aliingia jikoni, akarudi, akasema chai iliyokataliwa ataimwaga shimoni, pengine nayo ina dawa, kuku wasije wakafa. Usiku nilimsikia analia lakini asubuhi aliniuliza kama nimekwisha kukujibu. Kwa hiyo mambo ya ndoa hatujui. Huenda ikawepo, huenda isiwepo. Yeye anasema uje kwa vyovyote, iwe harusi au isiwe.

Jana Ijumaa, baada ya swala, nilimwomba imamu dakika chache. Safari ya kutoka safu ya nyuma mpaka mbele ilikuwa ndefu kwa goti hili. Nikawaambia kuhusu vinywaji vinavyoletwa na watu wasiojulikana, barabarani na kwenye vituo vya treni, hata ikiwa ni futari, hata mletaji akiwa na kofia. Nikawaambia mtu mwenye nia njema hatakasirika ukimwomba aonje kwanza, au ukimwambia una maji yako. Nikawaambia habari ya kumlaza mtu ubavu, ya mawese, ya mkojo. Nilisahau la kikombe, imamu akanikumbusha, kumbe alikwisha kusikia kwa madereva.

Nikawaambia kuna dereva aliyepatwa na hayo Ramadhani, akadhaniwa mlevi, akanyamazishwa na watu wake, na kwa kunyamazishwa huko amekufa mwingine.

Baba wa mchumba alikuwa safu ya mbele, mahali pake pa siku zote. Akauliza mbele ya watu, kwa adabu, dereva huyo ni nani. Alikuwa anajua, alitaka kuona kama nitamtaja. Nikasema ni Feruzi, mtoto wangu wa kwanza. Akasema lakini wapo waliomwona amelowa pombe, na je, yuko shahidi kwamba kijana alikuwa amefunga siku ile?

Hakuna daktari aliyeandika, na yule aliyekunusa mdomo amezikwa. Nikasema yupo shahidi, ni mimi. Wakanitazama, maana kila mtu alijua kwamba siku hiyo mimi nilikuwa hapa Lubudi na sikuona kitu.

Nipigie kesho, nitapokea.

Baba yako